Kutoka Ngara hadi Bugando: Historia ya Watoto wa Mgongo Wazi

Kabla ya tarehe 19 Juni 2025, basi lililotoka Ngara alfajiri lilikuwa lazima lisimame Busisi, maana hapo barabara iliishia majini. Lilikuwa limekwishapita njia panda ya Benaco, Nyakahura, Lusahunga, mji wa Biharamulo, Bwanga, Katoro, Geita na Sengerema. Abiria walishuka wakasubiri kivuko: MV Mwanza, MV Misungwi au MV Sengerema, chochote kilichokuwa kizima siku hiyo. Kwa mchuuzi wa maharage kusubiri huko kulikuwa hasara ya muda. Kwa mama aliyempakata mtoto wa siku 4, amemlaza kifudifudi mapajani, kitambaa kibichi kikiwa juu ya kiuno chake, kila saa ilikuwa na uzito mwingine. Mtoto huyo alizaliwa na mgongo wazi. Ng'ambo ya maji, juu ya kilima cha Bugando jijini Mwanza, ndiko kulikokuwa na upasuaji.

Tumezoea kuyapima matokeo ya upasuaji wa watoto hawa kwa kuuliza daktari alifanya nini chumbani: alikata wapi, alishona vipi, mtoto alitoka akiwa hai au amekufa. Kwa watoto wa Ngara na Biharamulo, sehemu kubwa ya jibu iko nje ya chumba hicho, kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Ndiyo maana historia hii inaanzia barabarani, na huko ndiko itakakorudi.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Katika wiki 4 za mwanzo za mimba, mara nyingi kabla mwanamke hajajua kuwa amebeba, uti wa mgongo wa mtoto huanza kama utepe bapa ambao kingo zake hujikunja zikakutana na kuwa bomba. Kingo zikishindwa kukutana, tuseme sehemu ya kiuno, mtoto huzaliwa na kifuko chenye maji au kidonda kibichi, na mishipa ya fahamu ikiwa nje. Hicho kila mtu hukiona. Kisichoonekana ni kile kilichotokea kichwani wakati mtoto yumo tumboni. Maji ya ubongo huvuja kupitia mgongoni, fuvu la kisogoni hukosa msukumo wa kulipanua, likabaki dogo. Ubongo wa nyuma, unaoongoza kupumua, kumeza na hata kulia, hukosa nafasi ya kukaa, ukasukumwa chini kupitia tundu la fuvu hadi ndani ya shingo. Hapo hukaa kama kizibo. Maji ya ubongo hukosa pa kupita, huanza kujaa, na kichwa hukua. Wazazi wengi hudhani mtoto ana magonjwa mawili, mgongo wazi na kichwa kikubwa. Kwa kweli, kwa watoto wengi wa namna hii, ni ugonjwa mmoja, na kiungo chake ni kile kipande cha ubongo kilichoteremka shingoni.

Kizibo hicho kina jina la Hans Chiari, daktari Mwaustria aliyekuwa akichunguza maiti mjini Prague. Mwaka 1891 alichapisha makala fupi ya Kijerumani kuhusu ubongo wa nyuma wa watu waliokufa wakiwa na maji kichwani, na mwaka 1896 akaandika tena kwa urefu. Hakuwa wa kwanza. John Cleland wa Glasgow alikwishaeleza kitu cha aina hiyo mwaka 1883, na Julius Arnold wa Heidelberg akaongeza kisa chake mwaka 1894, ndiyo maana vitabu vingine huyaunganisha majina ya Arnold na Chiari.

Miaka hiyo hiyo Kijerumani kilikuwa kinaingia Kagera, mkoa wa leo wa Ngara na Biharamulo, kwa mlango mwingine. Novemba 1890 Emin Pasha alisimamisha kituo cha Wajerumani Bukoba, na mwanzoni mwa karne ya 20 boma la Biharamulo lilikuwa likijengwa. Lugha iliyotumika Prague kueleza ubongo wa watoto ndiyo iliyotumika bomani kuandika hesabu za kodi na amri za kazi. Elimu ile ya Prague haikufika pamoja na amri. Serikali ya Kijerumani ilipojali afya ya watu wa Ziwa Victoria, ilijali malale. Robert Koch mwenyewe alikuja ziwani mwaka 1906 kwa ajili ya ugonjwa huo. Mtoto wa mgongo wazi hakuwa na daftari la kumwandika. Alizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga wa jadi, na akazikwa nyumbani. Kama ilivyokuwa sehemu nyingi za nchi, mama ndiye aliyebaki na lawama: amevunja mwiko, amelogwa, au ukoo wake una kitu. Lawama hiyo imeishi kuliko boma.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpaka mpya ulichorwa. Waingereza na Wabelgiji waligawana koloni la Wajerumani, na nchi ya Bugufi, ambayo ndugu zake wengi wako upande wa Burundi, ikabaki Tanganyika na kuwa sehemu ya Ngara ya leo. Mpaka huo uliifanya Ngara kuwa pembe: Rwanda upande mmoja, Burundi upande wa pili, na makao makuu ya kila kitu yakiwa mbali. Wamisionari ndio waliokuja kujenga hospitali. Waanglikana walijenga Murgwanza, Wakatoliki wakajenga Rulenge na Biharamulo. Hadi leo mtu wa huko akiumwa sana, majina hayo ndiyo humjia kwanza mdomoni. Lakini kwa mtoto wa mgongo wazi, muuguzi wa Murgwanza au mtawa wa Biharamulo aliweza kukisafisha kidonda, kukifunika, kumbatiza mtoto kama wazazi walitaka, na kusubiri.

Dunia nzima ilikuwa ikisubiri, kusema kweli. Kufunga mgongo kuliwezekana, lakini ukiufunga bila kuyapa maji njia, kichwa hujaa haraka zaidi. Njia ilipatikana Philadelphia, Marekani, na aliyeipata hakuwa daktari. John Holter alikuwa fundi wa mashine. Mwanawe Casey alizaliwa Novemba 1955 akiwa na mgongo wazi, kichwa chake kikaanza kukua. Daktari wake, Eugene Spitz, alikuwa ameshiriki kupandikiza mrija wenye valvu tangu mwaka 1949, lakini mirija ya wakati huo iliziba na kuharibika mapema. Holter aliitazama shida hiyo kwa jicho la karakana, akaona ni tatizo la kifundi. Katika muda mfupi akatengeneza valvu ndogo ya silikoni inayofunguka maji yakizidi na kujifunga yakipungua. Mwaka 1956 valvu hiyo ilianza kuwekwa ndani ya watoto. Casey hakuishi miaka mingi, lakini mrija ambao leo mama wa Nyakahura huuita "mpira wa kichwani", unaotoka kichwani ukapita chini ya ngozi ya shingo na kifua hadi tumboni, ni mjukuu wa kazi ya baba yule.

Kutoka Philadelphia hadi Ngara mrija huo ulichukua zaidi ya nusu karne. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Tanganyika haikuwa na huduma ya upasuaji wa ubongo iliyosimama. Mwaka 1971 yalitokea mambo mawili ambayo wakati huo hayakuonekana kuwa na uhusiano. Katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Profesa Philemon Sarungi alianzisha huduma ya mifupa na majeraha, na ndani ya huduma hiyo upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo ukapata mahali pa kukulia. Mwanza, Mwalimu Nyerere aliifungua Hospitali ya Bugando iliyojengwa na Kanisa Katoliki. Serikali iliichukua mwaka uliofuata, ikairudisha kwa maaskofu kwa makubaliano mwaka 1985. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambayo watu wote huiita MOI, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, na ikawa ndiyo nyumba ya upasuaji huu nchini.

Kwa hiyo kwa miaka mingi jibu la kitabibu kwa mtoto wa Ngara lilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Barua ya rufaa iliandikwa, ikakunjwa, ikawekwa ndani ya kadi ya kliniki. Familia ilikaa kikao. Mbuzi wakahesabiwa. Wengi hawakwenda, na sioni haki ya kuwalaumu.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, ndani ya saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, wakatua Ngara. Benaco, iliyokuwa jina la kambi ya kampuni ya ujenzi wa barabara, ikawa ghafla mkusanyiko wa watu uliolinganishwa na miji mikubwa ya nchi. Kambi nyingine zikafuata, Lumasi, Musuhura, Lukole. Mashirika ya kimataifa yalikuja na mahema ya hospitali, madaktari, magari, dawa za kipindupindu. Kwa muda Ngara ilikuwa na wageni wa tiba wengi kuliko ilivyowahi kuota. Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996. Kambi ya Warundi ya Lukole ilifungwa mwaka 2008.

Nakaa kidogo kwenye jambo hili kwa sababu mara nyingi huelezwa kana kwamba lilimalizika mahema yalipokunjwa. Halikumalizika. Silaha zilibaki. Pori la Biharamulo likawa la majambazi, na kwa miaka mingi mabasi yalisafiri kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye bunduki, na safari za usiku hazikuwezekana. Fikiria sasa mtoto aliyezaliwa saa 1 jioni katika zahanati ya kata, mgongo ukiwa wazi. Madaktari wanataka mgongo ufungwe ndani ya siku 2 au 3, kabla vijidudu havijapanda hadi kwenye ubongo. Gari la wagonjwa lilisubiri kuche, likasubiri msafara, likafika Busisi, likasubiri kivuko. Hakuna hospitali iliyowahi kuandika "pori la Biharamulo" kama sababu ya kifo cha mtoto mchanga. Lilikuwa sababu.

Wakati Kagera ikihangaika na barabara, upande wa pili wa ziwa kulikuwa na kazi iliyobadilisha fikra za madaktari duniani. Daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto kutoka Marekani, Benjamin Warf, alihamia Uganda na familia yake mwaka 2000, kwenye hospitali ya watoto ya CURE iliyokuwa ikianzishwa Mbale. Alikuta vichwa vikubwa vya watoto kwa wingi ambao hakuwahi kuuona kwao. Katika ripoti yake ya mwaka 2005 kuhusu watoto 300, takribani asilimia 60 ya visa vilitokana na maambukizi ya ubongo, mengi yakiwa yalimpata mtoto akiwa mchanga kabisa. Waliobaki walikuwa na sababu nyingine, wakiwemo watoto wa mgongo wazi wenye ubongo wa nyuma ulioteremka.

Warf aliona tatizo ambalo mtu wa Boston anaweza kulisahau. Mrija huziba. Ukiziba Boston, mtoto yuko dakika 20 kutoka hospitalini. Ukiziba kijijini, mtoto hutapika siku nzima, huanza kusinzia, macho yake huelekea chini kama jua linalozama, na asubuhi amekufa. Kumwekea mtoto wa kijijini mrija ni kumpa tiba inayomtaka akae karibu na daktari maisha yake yote. Basi alitumia njia nyingine. Kwa kamera nyembamba alitoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba cha maji ndani ya ubongo ili maji yapate mkondo mpya, kisha akaunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza maji hayo. Hakuna kitu cha kigeni kinachobaki mwilini, na hakuna cha kuziba kama mrija. Mwaka 2008 ilichapishwa hesabu ya watoto 115 wa Afrika Mashariki waliozaliwa na mgongo wazi na kutibiwa kwa njia hiyo: asilimia 76 hawakuhitaji mrija.

Kazi nyingine ya Mbale haikupata sifa kama hiyo lakini mimi naiheshimu vilevile. Warf alilinganisha mrija wa India uitwao Chhabra, uliokuwa na bei ya takribani dola 35, na mrija wa nchi za Magharibi uliouzwa karibu dola 650. Katika watoto 195, matokeo ya mwaka mmoja hayakutofautiana. Kwa hospitali za kanda yetu, taarifa hiyo ilikuwa na maana kuliko mashine nyingi za msaada. Mwaka 2017 utafiti mwingine wa Mbale, wa watoto 100 waliopata maji kichwani kwa maambukizi, ulilinganisha kamera na mrija kwa kura ya bahati. Baada ya miezi 12 akili za watoto wa pande zote mbili zilikuwa zimekua kwa kiwango kisichotofautiana. Yaani hakuna sababu ya kumpa mtoto wa mbali mrija pale ambapo tundu linatosha.

Tanzania nayo ilikuwa na somo lake. Mwaka 2006, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara, daktari Mmarekani mzaliwa wa Sri Lanka, Dilan Ellegala, alikosa msumeno wa kukatia fuvu. Alimwona mwanakijiji akikata tawi la mti kwa msumeno wa waya, akaununua, akauchemsha, akaingia nao chumba cha upasuaji. Kisha akafanya jambo kubwa kuliko hilo: akamfundisha Emmanuel Mayegga, aliyekuwa daktari msaidizi, kufanya upasuaji wa kichwa, kwa sharti kwamba naye atamfundisha mwingine. Mayegga alimfundisha Hayte Samo. Wapo walioogopa kwamba huko ni kushusha viwango. Hofu yao naielewa, lakini kwa mtoto ambaye mbadala wake ni kufa, swali la viwango huanza mahali pengine.

Taratibu huduma ikasogea. Bugando ilipata upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Katikati ya miaka ya 2010, madaktari wa MOI kwa ufadhili wa GSM Foundation walizunguka mikoa na kufanya kambi za upasuaji wa vichwa vikubwa na migongo wazi, Mwanza ikiwa miongoni mwa vituo vyao. Wazazi waliokuwa wamewafungia watoto ndani waliposikia redioni wakawatoa. Wengine waliletwa vichwa vimekua kiasi kwamba shingo haiwezi tena kuvibeba, wakati ambapo upasuaji huweza kuzuia maji yasizidi lakini hauwezi kurudisha kilichokwisha kuharibika.

Njia za kufika nazo zimebadilika. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa kabla ya kuenezwa nchini, umewezesha zahanati kupiga 115 bila malipo na kupata gari kwa ajili ya mama au mtoto mchanga aliye hatarini, hata kama ni gari la dereva wa kijijini anayelipwa na mfumo. Mtoto wa mgongo wazi ni mtoto mchanga aliye hatarini, ingawa hatoki damu na huenda ananyonya vizuri. Chato, wilaya iliyomegwa kutoka Biharamulo, sasa ina hospitali ya rufaa ya kanda. Lakini mfuko wa afya ya jamii, yaani CHF iliyoboreshwa, ambao kaya ya watu 6 iliulipia shilingi 30,000 kwa mwaka, uliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Mgonjwa wa Ngara aliyepelekwa Bugando alikuwa ameshavuka mpaka wa kadi yake. Huko ndiko nauli, chakula cha anayemuuguza, na malipo ya vipimo yalianza kuila familia.

Na baada ya upasuaji? Hapa pana mambo ambayo familia nyingi haziambiwi kwa utulivu. Mgongo ukifungwa, miguu iliyokuwa haina nguvu kwa kawaida haipati nguvu mpya. Kibofu mara nyingi hakijui kujimwaga, mkojo hurudi juu na kuua figo polepole, hadi mzazi afundishwe kuutoa kwa mrija safi mara kadhaa kwa siku. Ubongo wa nyuma uliobanwa nao unaweza kudai haki yake: mtoto anapaliwa anaponyonya, anavuta pumzi kwa mlio kama wa filimbi, sauti ya kilio inafifia, pumzi inakatika usingizini. Hata katika nchi tajiri, jambo hilo ndilo linaloongoza kuwaua watoto wa mgongo wazi kabla ya miaka 2. Daktari akiona dalili hizo, kwanza hukagua kama mrija unafanya kazi, kwa sababu maji yakijaa juu huusukuma zaidi ubongo uliobanwa chini. Wachache huhitaji kupanuliwa tundu la fuvu lenyewe. Tangu mwaka 2011 Marekani imethibitisha kwamba kufunga mgongo mtoto akiwa bado tumboni hupunguza wanaohitaji mrija kutoka asilimia 82 hadi 40, na ubongo wa nyuma wa wengi hupanda kurudi mahali pake. Tiba hiyo haiko karibu na Rulenge, na sitaki kuiuza kama ndoto.

Utafiti ninaoukumbuka kuliko yote ni wa Mbale tena, wa mwaka 2011, na hauhusu kisu kabisa. Warf na wenzake waliwafuatilia watoto wa mgongo wazi waliokwisha kufanyiwa upasuaji mashariki mwa Uganda. Zaidi ya theluthi moja walikuwa wamekufa kabla ya kutimiza miaka 5, wengi wao wakiwa wamerudi nyumbani. Lakini watoto waliotoka katika wilaya zenye huduma za utengamao katika jamii, ambako mtu huja nyumbani, humkagua mtoto na kumkumbusha mama, hawakufa kwa wingi kuliko watoto wengine wa nchi ile. Daktari alikuwa yuleyule na chumba cha upasuaji kilekile. Kilichotofautiana ni kama kuna mtu aliyebisha hodi.

Kuzuia nako kunahusu nyumbani. Mwaka 1991 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hii akimeza miligramu 4 za foliki asidi kila siku tangu kabla ya mimba, uwezekano wa kurudia hupungua kwa asilimia 72. Kwa wanawake wengine kipimo cha kawaida ni miligramu 0.4. Kwetu vidonge vya kuongeza damu, vyenye foliki ndani yake, hutolewa kliniki, na mama wa kijijini huanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu, minne au zaidi. Mgongo umekwisha kujifunga, au kushindwa, tangu mwezi wa kwanza. Ndiyo maana Tanzania ilitunga kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na mahindi, zikazinduliwa mwaka 2013. Unga wa viwanda vikubwa umefikiwa kwa kiasi. Mashine ya kusaga ya kijijini, pale mama anapotua debe la mahindi yake kichwani, haijafikiwa. Watu wa Ngara wanakula ndizi, maharage, mihogo, na ugali wa mahindi waliyolima wenyewe. Maharage yana foliki, ila sehemu yake humwagwa pamoja na maji ya kuchemshia. Mei 2023 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuharakisha urutubishaji wa vyakula, zikiutaja mgongo wazi kwa jina. Azimio hilo bado halijafika kwa mwenye mashine wa Nyakahura.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lililopewa jina la John Magufuli. Maji yaliyosubiriwa kwa saa sasa huvukwa kwa dakika chache. Katika historia ya tiba ya watoto hawa, daraja hilo nalihesabu pamoja na valvu ya Holter na kamera ya Mbale.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaokusudiwa kufikia 137,294 kwa miaka 5. Nawaomba wakuu wa idara za afya wa halmashauri za Ngara na Biharamulo wauongezee mkoba wa kila mhudumu kitu kimoja: utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kikamilifu huwa na sentimita 35 hivi, na katika miezi 3 ya mwanzo hukua takribani sentimita 2 kwa mwezi. Kinachokua zaidi ya hapo kipelekwe hospitali wiki hiyo hiyo. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi aandikwe jina, na apewe foliki kabla hajabeba mimba nyingine. Aliyetoka Bugando na mpira kichwani atembelewe, utosi uguswe, mkojo uulizwe. Na wewe muuguzi wa zahanati, akizaliwa mtoto mgongo ukiwa wazi usiku huu, mlaze kifudifudi, kifunike kidonda kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi ya hospitali, mwambie mama kwamba hakukosea kitu, kisha piga 115.